Juu ya Kuchagua Wimbo wa Polepole kwa Bendi ya Shule

Huenda wasomaji wetu watatucheka wakisikia ya kuwa walimu watatu, watu wazima wenye watoto, waliketi chini ya mwembe tangu saa tisa hata magharibi wakibishana juu ya wimbo mmoja. Walakini ndivyo ilivyokuwa, na shauri lenyewe halikwisha siku ile. Tunaliandika hapa kwa sababu tumeona ya kuwa ndani ya neno hili dogo mna swali kubwa, nalo si la walimu wa muziki peke yao: Je, mtu aliyepewa kitu cha wazee wake ana ruhusa gani kukibadili, ili kiwapendeze watu wa leo?

Shule yetu iko karibu na Tabora, kando ya ile njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe hata Ujiji, mwendo wa kilometa kama 1,200. Tuna bendi ya vijana kumi na wanne: matarumbeta manne, tromboni mbili, saksafoni tatu, klarineti mbili, magitaa mawili, na ngoma. Watu wa hapa huiita “jazi,” nao wana haki kuiita hivyo. Jina hilo lilitoka Marekani, lakini limekwisha kuwa letu zamani. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na mji wetu wa Tabora ukapata sifa kwa Kiko Kids ya Salum Zahoro, na kwa Nyanyembe Jazz, na kwa Tabora Jazz, ambayo Shem Ibrahim Karenga, aliyetoka Kigoma, aling'ara ndani yake. Wala tarumbeta halikuanza kwa hao. Katika siku za Wadachi shule ya serikali ya Tanga ilikuwa na bendi yake ya vijana, na ngoma ya beni, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ilitoka pwani ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi wa vita vya 1914 hata 1918. Basi mzee anayetuambia ya kuwa tarumbeta ni mambo ya vijana wa siku hizi, twamjibu kwa heshima ya kuwa huenda babu yake mwenyewe alilifuata barabarani akicheza.

Ilikuwa imebaki miezi miwili kufika siku ya wazazi. Nyimbo tano tulikuwa nazo tayari, zote za haraka. Mwenzetu mmoja akasema, “Hapana budi tuwe na wimbo mmoja wa polepole, ili watu wapumzike.” Tukakubali upesi, tukidhani ya kuwa wimbo wa polepole ndio rahisi. Kumbe sivyo!

Kwa wale ambao hawajapata kupuliza tarumbeta, yafaa tueleze. Katika wimbo wa haraka, wenye mapigo 120 kwa dakika, sauti ya mapigo manne hukaa sekunde mbili tu. Kijana akikosa kidogo, kosa limekwisha kupita, na ngoma imelifunika, na watu wanacheza. Lakini wimbo ukiwa na mapigo 60, sauti ile ile hukaa sekunde nne, na katika sekunde nne mtu husikia yote: pumzi iliyokwisha, midomo iliyochoka, tarumbeta la pili lililo chini kidogo ya la kwanza. Tena joto la Oktoba hapa kwetu hupandisha sauti za vyombo vya shaba, hata vijana waliopatana vema asubuhi hawapatani tena saa nane. Wimbo wa polepole haufichi neno.

Ndipo tulipojiona wenyewe. Kwa nini nyimbo zetu tano zote zilikuwa za haraka? Tulikuwa tukisema ya kuwa watoto wanazipenda, na ni kweli wanazipenda. Walakini mwenzetu mmoja, naye si mtu wa maneno mengi, akasema, “Tulizichagua kwa sababu zinatuficha sisi.” Hatukumjibu. Kijana wa tarumbeta la tatu amekaa katika bendi mwaka mzima, na katika mwaka huo hatukupata kumsikia akipiga sauti moja peke yake toka mwanzo hata mwisho. Hatukujua kama ajua. Yeye naye hakujua. Tulikuwa tumemwacha ndani ya kelele kama mtu anavyomwacha mgeni mlangoni, tukisema, yupo, yupo.

Basi tukaanza kutafuta wimbo. Wa kwanza tuliupata kwa wanafunzi, waliousikia katika simu zao: wimbo wa mapenzi, wenye sauti nzuri sana. Tuliuacha upesi, nasi tutasema kwa nini. Miaka michache iliyopita tuliwahi kuufundisha wimbo kama huo, tukidhani ya kuwa tukiyaondoa maneno tukabakiza sauti tu, hapana neno baya lililobaki. Siku ya sherehe, saksafoni ilipoanza, kina mama wa mstari wa nyuma walianza kucheka wakijifunika kanga, na kicheko kikaenda mpaka kwa wageni. Maana maneno walikuwa nayo vichwani mwao, na kila sauti iliyopanda na kushuka iliwaletea neno lake. Hasa watu wa kwetu, ambao Kinyamwezi chao hutofautisha maneno kwa sauti kupanda na kushuka, huwezi kuwapigia wimbo bila maneno. Wao huyasikia hata katika filimbi. Vijana waliopiga hawakujua wachekwa kwa nini. Tuliona haya, na twaona haya hata leo, kwa sababu waliochekwa ni wao, na kosa lilikuwa letu.

Wimbo wa pili ndio uliotugombanisha.

Mwenzetu mmoja alikuwa na wimbo wa wapagazi, aliofundishwa na bibi yake. Kiongozi huita, wengine huitika, na mwisho wa kila fungu sauti hukatwa ghafula, mahali ambapo miguu hukanyaga. Mwenzetu aliuandika kwa do-re-mi, kisha akaupunguza mwendo mpaka mapigo 58, akampa tarumbeta la kwanza sauti ya kiongozi, na tromboni na saksafoni akawapa maitikio marefu ya chini, yaliyoungana pasipo kukatika. Alijua kazi yake vizuri. Aliuhamisha wimbo kutoka C, ambamo bibi yake aliuimbia jikoni, akauweka katika B fleti, ili wenye matarumbeta wausome katika C yao na wenye saksafoni ya alto katika G, kusiwe na kijana wa kuhangaika na alama nyingi. Siku tuliyoupiga mara ya kwanza, mpishi wa shule aliacha sufuria yake akaja kusimama mlangoni, naye alikuwa akilia. Na sisi, kusema kweli, macho yetu hayakuwa makavu. Tulidhani tumepata.

Siku ya tatu akapita mzee mmoja jirani, aliyekuja kwa ajili ya mbuzi wake. Tukamwamkia, “Mwangaluka, Babu,” akaitika, akaketi juu ya gogo akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Wanangu, mmepiga vizuri. Lakini niambieni, ni nani aliyekufa?”

Tukamwambia ya kuwa hapana aliyekufa. Huu ni wimbo wa wapagazi, huenda yeye mwenyewe aujua. Akasema, “Naujua. Ndiyo maana nauliza.” Akatueleza ya kuwa wimbo ule aliusikia kwa babu yake, naye aliupata kwa baba yake, aliyechukua pembe za ndovu siku za Mirambo. Haukuwa wa huzuni hata kidogo. Uliimbwa msafara ulipokaribia mji. Watu walisimama porini, wakavaa nguo zao nzuri walizozifunga tangu pwani, wakaingia mjini kwa fahari ili wasichana wawaone. Akaupiga kwa kiganja juu ya gogo, upesi, akacheka, akaenda kutafuta mbuzi wake.

Maneno yake yanapatana na habari zilizoandikwa. Wazungu waliosafiri na misafara ile, kama Burton aliyefika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, wameeleza jinsi kirangozi alivyotangulia na bendera, na jinsi wachukuao pembe walivyofunga kengele kwenye ncha ya pembe, ikalia kwa kila hatua, na jinsi msafara ulivyoingia mjini kwa nguo nzuri na mabaragumu na milio ya bunduki. Kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kazi ya mshahara na ya heshima. Kijana aliyekwisha kufika pwani na mzigo wa kilo kama 30 alihesabiwa kuwa mtu. Basi sisi tulichukua wimbo wa mtu aliyejisifu, tukampunguzia mwendo, na kwa kumpunguzia mwendo tu, pasipo kugeuza sauti hata moja, tukamfanya alie. Hili lilitushangaza. Tulidhani ya kuwa ukizihifadhi sauti za wimbo umeuhifadhi wimbo.

Hapo ndipo palipoanza mabishano chini ya mwembe.

Mwenye wimbo alisema, “Mzee amesema kweli, lakini hakusema yote. Njia ile haikupitwa na wapagazi wa mshahara peke yao. Walipita watu waliofungwa minyororo shingoni, wakienda pwani hata Unguja, mpaka soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, na hata baada yake kwa siri. Nani atawalilia hao? Jina la Bagamoyo wengine hulieleza ya kuwa ni mahali pa kubwaga moyo, yaani mpagazi aupumzishe. Wengine ya kuwa mtumwa huuacha moyo wake pale, maana hataiona tena nchi yake. Ikiwa neno moja laweza kubeba furaha ya huyu na majonzi ya yule, kwa nini wimbo mmoja usiweze?”

Maneno haya yana nguvu, wala hatutaki msomaji ayapite upesi kwa sababu tu sisi hatukuyakubali. Ni kweli ya kuwa hapana mtu awezaye kumiliki wimbo kama amilikivyo shamba. Ni kweli pia ya kuwa nyimbo hugeuka. Wimbo ule aliotunga Enoch Sontonga mwaka 1897, naye alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, ulikuwa wa kwaya ya watoto. Leo sauti zake ndizo tuzisimamiazo sisi Watanzania, kwa maneno ya Kiswahili, tunapopandisha bendera. Hatudhani ya kuwa Sontonga amedhulumiwa.

Lakini wa tatu wetu alijibu hivi, nasi twakaribia kumfuata. Wimbo wa Sontonga uligeuka, lakini ulikuwa sala tangu mwanzo, na sala umebaki. Huu wetu tumeusemesha kinyume cha ulichosema. Tena yule mtumwa aliyefungwa, kama aliimba, aliimba wake, si huu. Tukiuchukua wimbo wa mpagazi tukauita kilio cha mtumwa, tunawadhulumu wawili pamoja: mpagazi twamnyang'anya fahari yake, na mtumwa twamvika sauti ya mtu mwingine, tena labda ya mtu yule yule aliyetembea mbele yake na pembe, kengele yake ikilia. Neno hili la mwisho lilitunyamazisha wote. Maana misafara mingi ilichukua pembe na watu pamoja.

Kesho yake tulikwenda kwa yule mzee tukamwuliza waziwazi. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, “Wazee wetu walituambia habari za kirangozi, na za nguo, na za bahari. Habari za waliokuwa nyuma ya msafara hawakutuambia.” Akanyamaza tena, nasi tukaona si heshima kumzidishia maswali. Tuliporudi hatukusema mengi njiani.

Kwa hiyo msomaji asidhani ya kuwa fahari ya wimbo ule ni kweli safi, na huzuni yetu uongo mtupu. Fahari nayo ilikuwa na kitu ilichokiacha nyuma yake. Walakini twaona ya kuwa iko tofauti kati ya mtu asiyesimulia yote, na mtu asimuliaye lisilokuwako. Mzee alituachia kimya, na kimya hicho ni cha kweli. Mtu akikisikia aweza kuuliza. Wimbo wetu wa mapigo 58 ulikijaza kimya hicho kwa machozi mazuri, hata mtu asiwe na haja ya kuuliza tena. Mpishi alilia akarudi jikoni akiwa ameridhika. Nasi pia tuliridhika, na ndilo linalotutia shaka. Mwenzetu mmoja alishauri tulie minyororo kwa chuma nyuma ya bendi wakati wa wimbo, ili watu wafahamu. Tulikataa mara moja. Mambo ya namna hiyo ni ya kuwatisha watoto wa darasa la kwanza.

Tulifanya hivi. Tulimtwika kijana wa tromboni, ambaye ana nguvu, ndoo ya maji ya lita 20 kichwani, tukamwambia atembee kutoka mwembe mpaka kisimani na kurudi kama atembeavyo nyumbani, nasi tukahesabu hatua zake. Zilikuwa kati ya 95 na 105 kwa dakika. Ule ndio mwendo tulioupa wimbo. Si wa kulia, wala si wa mbio kama alivyoupiga mzee juu ya gogo, kwa sababu mzee alikuwa ameketi, hana mzigo. Maitikio ya tromboni tukayakata mwisho wa fungu, kama bibi yake mwenzetu alivyoyakata. Na siku ya wazazi, kabla ya kuupiga, kijana mmoja atasimama aseme kwa maneno machache wimbo huu ni wa nani, uliimbwa wapi, na ya kuwa katika njia hiyo hiyo walipita watu wengine ambao nyimbo zao hatunazo. Mwenzetu aliyeupanga kwanza alihuzunika, maana kazi yake ilikuwa nzuri, na sisi twasema wazi ilikuwa nzuri kuliko hii ya sasa. Ameiweka karatasi yake sandukuni.

Wimbo wa polepole ukawa bado haupo, na majuma matano yalikuwa yamebaki. Safari hii tuliuliza kina mama, jambo ambalo tungalilifanya tangu mwanzo kama tungalikuwa na akili. Wakatupa wimbo wa kubembeleza mtoto. Una sauti tano tu. Kila mwanafunzi aliulalia mgongoni kwa mama yake, kwa hiyo hapana anayelazimika kujifanya ana huzuni asiyoijua. Na maneno yake mtu aweza kuyasikia vichwani mbele ya wageni bila kujifunika kanga.

Palibaki neno la nani apewe sauti ya juu. Desturi ni kumpa tarumbeta la kwanza, naye kwetu ni kijana hodari kweli, ambaye wageni humwuliza jina. Lakini tulikumbuka habari za Louis Armstrong, ambaye sifa zake zilijaa dunia nzima. Alijifunza tarumbeta katika nyumba ya watoto waliohukumiwa, mjini New Orleans, alikopelekwa mwaka 1913, na mwalimu wa pale hakumpa tarumbeta kwanza. Alimpa tari, kisha ngoma, kisha chombo kingine cha shaba, kisha tarumbeta. Sisi hatudai ya kuwa yumo Armstrong katika bendi yetu. Tunasema tu ya kuwa mwalimu yule aliendelea kumsikiliza, na sisi tarumbeta la tatu hatukulisikiliza mwaka mzima. Basi wimbo wa mtoto tukampa yeye, na yule hodari tukampa maitikio. Yule hodari hakupenda. Alitujia baada ya masomo akauliza kwa adabu, “Mwalimu, nimekosa nini?” Tukamjibu ya kuwa hakukosa neno. Hatudhani alituamini, na twaona ana haki ya kutilia shaka, kwa kuwa ni vigumu kumweleza mtoto ya kuwa amenyimwa bila kukosa.

Majuma mawili sasa wanafanya mazoezi asubuhi, kabla ya joto. Kijana wa tarumbeta la tatu huanza vizuri, hata afikapo sauti ya tano, ambapo midomo humwacha na sauti hupasuka. Jumatatu tuliushusha wimbo wote kwa sauti moja, tukaandika karatasi upya kwa watu kumi na wanne. Jana alifika akavuka, mara mbili kati ya nne, na mara ya nne yule hodari aliacha maitikio yake akageuka kumtazama.